Kabla ya Kilele, Tafuteni Machela

Mwenyekiti, asante. Wanaonijua hapa Masasi wanajua nitakachosema, wanivumilie.

Nimeona fulana za chama chetu hiki cha wapanda milima, zimependeza kweli. Nikauliza kamba iko wapi, nikaambiwa bado inatafutiwa fedha. Haya.

Chama cha wapanda milima cha Kenya kilianzishwa mwaka 1949, na wengi wakisimulia historia yake hutaja vilele. Mimi nataja Septemba 1970. Madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu na Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, mita 5,199. Jiwe likang'oka, Judmaier akaanguka, mguu ukavunjika mfupa ukatokeza nje. Oelz akamwacha pale mwambani, akashuka peke yake kutafuta msaada. Nani alipanda? Wanachama! Watu wenye ajira zao mjini, hawakulipwa hata senti. Wakapanda na dawa, wakaanza kumteremsha kwenye mwamba wenye barafu. Helikopta iliyokuja kusaidia ikaanguka, rubani wake Mmarekani, Jim Hastings, akafa. Baba yake Judmaier naye akahangaika hadi waokoaji wa Innsbruck, kwao Austria, wakaletwa kwa ndege, na hao ndio waliomalizia kazi. Zaidi ya wiki nzima mtu yuko juu, na akapona. Hicho ndicho chama.

Namsikia anayenong'ona kule nyuma: mzee, huko ni Batian, huku kwetu ni vilima tu. Mjukuu wangu, ukiteleza kwenye majabali haya saa kumi na moja jioni, au kule kwenye bonde refu la Shimo la Mungu, Newala, mguu utauliza kwanza uko mita ngapi kutoka usawa wa bahari ndipo uvunjike?

Na msiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Kuanzia 1909 hadi 1913 wapagazi Waafrika walibeba mifupa ya dinosaria kutoka kilima cha Tendaguru mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne, mzigo kichwani. Hilo nalo lina mhadhara wake, ila naona Mwenyekiti anatazama saa.

Mengine haraka. Ada, muulizeni mweka hazina. Takataka, mnarudi nazo. Kamba, machela na mafunzo ya huduma ya kwanza vitangulie safari yoyote. Majina, njia na saa ya kurudi viandikwe kwenye daftari linalobaki mjini. Daftari nimelinunua mwenyewe, lipo kwa katibu.