Usikimbilie Pistoni Mpya
(Mhadhara kwa wavuvi na mafundi wa injini za boti, mwalo wa Kibirizi, Kigoma)

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama wenye boti, na ninyi vijana wa mashine, habari za asubuhi.

Nimekuja na neno moja. Mashine ikinoki, pistoni ikang'ang'ania kwenye silinda, usinunue nyingine kabla hujajua kilichoiua ile ya kwanza.

Nalisema kwa uchungu. Nikiwa bado kijana katika ufundi, mzee mmoja wa Katonga aliniletea mashine ya silinda mbili, ya juu imenoki. Nikachonga silinda, nikafunga pistoni na ringi mpya, ikanguruma vizuri. Wiki ya tatu ikanoki tena, silinda ileile, usiku, upepo wa kusini umeshaanza, watu wanne ndani. Walipiga kasia mpaka kukapambazuka. Mzee hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, itazame tena." Nikaitazama, nikakuta sili ya juu ya krenki, yaani ule mpira unaozuia hewa kwenye mhimili unaozungushwa na pistoni, imekauka na kupasuka. Sili ile ndogo ingeweza kupoteza watu wanne.

Sikilizeni kwa nini. Mashine hizi za tustroku hazina oili iliyowekwa chini kama ya gari. Petroli iliyochanganywa na oili hupita kwanza kwenye chumba cha krenki, ndipo ipande silinda. Oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha beringi, konrodi (mkono wa pistoni) na pistoni. Sili ikipasuka, krenki inavuta hewa ya nje. Hewa inazidi, petroli inapungua, na oili inapungua nayo. Moto unakuwa mkali, pistoni inavimba, inakwama. Dalili ilikuwepo tangu mwanzo: ukiachia mafuta mashine inachelewa kushuka, mara inapanda yenyewe. Na plagi ya juu ilikuwa nyeupe, ya chini ya kahawia. Mimi nilizifuta zote mbili bila kuzisoma!

Kwa hiyo anza na plagi. Ya kahawia ni nzima. Nyeupe kama chokaa, silinda inaungua: tafuta hewa inakoingilia, au jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli, iliyoziba. Jeti usiizibue kwa waya wa chuma, utapanua tundu. Tumia petroli na upepo wa pampu.

Kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, plagi zote zimetolewa na waya zake zimegusishwa kwenye bodi ya mashine. Silinda mbili zikipishana sana, fungua. Ukitoa pistoni, itazame juani. Mikwaruzo upande wa ekzosi peke yake mara nyingi ni oili kidogo au moto uliozidi. Ikiwa imekwaruzika sehemu nne kuizunguka, imevimba kwa joto, basi nenda kwenye impela, ile pangaboi ya mpira inayosukuma maji ya kupoza mashine. Ziwa letu halina chumvi, lakini mchanga upo, na anayewasha mashine kwenye maji ya kina kifupi anaulisha impela mchanga kila siku. Kile kitundu kinachorusha maji nyuma kikinyamaza, zima palepale.

Kuhusu kuchonga: nunua pistoni ya ovasaizi kwanza, yaani iliyozidi ile ya awali kwa unene, iwe milimita 0.25 au 0.50, umpelekee mchongaji aipime, ndipo achonge. Wengi wanafanya kinyume, silinda inalegea ikiwa bado mpya. Ringi za tustroku zina pini. Mdomo wa ringi usipokaa kwenye pini yake, utanasa kwenye tundu la silinda na kukatika. Klipu za zamani, zile zinazoshika pini ya pistoni, usizirudishe. Sili za krenki badilisha, hata kama zinaonekana nzima.

Mchanganyiko fuateni kitabu cha mashine yenu. Kwa mashine nyingi ni 50 kwa 1, yaani lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili ya tustroku. Pimeni kwa chupa yenye alama. Kukadiria kwa jicho kumeua mashine nyingi hapa mwaloni. Baada ya kufunga pistoni mpya, nyingi huhitaji oili maradufu, mililita 800 kwa lita hizo 20, kwa saa 10 za mwanzo, na msizikamue mafuta mpaka mwisho hata kama samaki wanaonekana.

Haya, ile mashine iliyoletwa jana iko pale chini ya mwembe. Kijana, toa plagi zake, lakini usizifute. Tuje tuzisome pamoja.