Kwa Nini Kanada Kubwa Ina Watu Wachache Kuliko Uganda

Ndugu zangu watazamaji mlioko Kampala, Mbale, Arua na Kabale, nawasalimu kutoka Winnipeg, katikati ya Kanada. Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza kwa nini nchi hii, yenye karibu kilomita za mraba milioni 10, ina takribani watu milioni 41 tu, ilhali Uganda yetu, yenye kilomita za mraba zipatazo 241,000, ilihesabu watu milioni 45.9 katika sensa ya 2024.

Ukubwa wa nchi kwenye ramani hauonyeshi mahali ambapo binadamu anaweza kulima na kunywa maji. Karibu nusu ya Kanada ni mwamba wa kale ambao barafu ya zama zilizopita iliukwangua udongo, ikaacha maziwa, vinamasi na tabaka jembamba lisilofaa kwa kilimo, na kaskazini zaidi ardhi ya chini hubaki imeganda mwaka mzima. Ndiyo maana takribani theluthi mbili ya Wakanada wanaishi ndani ya kilomita 100 kutoka mpaka wa Marekani, hasa kandokando ya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini na mto St. Lawrence, kwenye udongo mzuri na njia ya maji inayofika baharini. Churchill, mji wa bandari ulioko kaskazini mwa mkoa huu wa Manitoba, haufikiki kwa barabara. Watu huenda kwa treni au ndege, na wakazi wake hawafiki 1,000.

Misri nayo ina watu zaidi ya milioni 100, na karibu wote wamejipanga kwenye bonde na delta ya mto Naili, uleule unaoanza safari yake Jinja, kwa sababu kwingine ni jangwa.

Kwetu, mwinuko ndio uliotubeba. Kampala iko karibu na ikweta, lakini kwa kuwa iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Viktoria likiwa jirani, haipati joto kali, na mvua hunyesha misimu miwili kwa mwaka. Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, hupata msimu mmoja usiotabirika, kwa hiyo wafugaji huhama na mifugo yao kufuata maji na malisho, jambo ambalo mimi naliona kuwa ni maarifa, ingawa wengine huliita ukaidi.

Neno hilo la ukaidi ndilo linaloniumiza zaidi ninapolisikia likitumiwa dhidi ya ndugu zetu wa Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda. Machi 2010 maporomoko ya udongo yalifukia watu wengi huko Nametsi, wilayani Bududa, na serikali ikawahamishia baadhi ya manusura wilaya ya Kiryandongo, mbali na mlima huo. Hata hivyo, miteremko ile haijaachwa. Udongo wake wa volkano una rutuba, mvua yake ni ya kutosha, na ubaridi wa mlimani ndio unaoifaa kahawa ya arabika ambayo familia za Bugisu zimesomeshea watoto kwa vizazi. Kiryandongo ni tambarare yenye joto zaidi. Mahindi hustawi huko, lakini arabika haiwezi kuhamishwa pamoja na mwenye shamba. Mpango wowote wa kuwahamisha watu hawa usiposema watalima nini cha kuwapatia kipato kama kile, haujajibu swali lao la kwanza.