Saa ya Kujifunza Iandikwe Siku Hiyohiyo

Asanteni, ndugu zangu. Wengi wenu hapa Uingereza mna watoto kwenye uanagenzi, au mnasimamia wanagenzi kwenye nyumba za wazee, kwa hiyo niende moja kwa moja kwenye daftari, lile la kuandikia saa za mafunzo ya "nje ya kazi" ambazo kila mwanagenzi lazima azipate.

Binti mmoja niliyekuwa nikimfundisha aliniletea daftari la miezi mitatu. Kila Ijumaa: "Mafunzo, jumla saa 6." Ijumaa 13, mstari uleule. Nikamuuliza, Ijumaa ya tatu ulijifunza nini? Kimya. Nikamwambia, usiangalie daftari, kumbuka tu. Akaanza: mwalimu alileta mashine ya kumnyanyulia mgonjwa, mwenzao akalala kitandani, wakaonyeshwa namna ya kupitisha mkanda chini ya mapaja bila kuukunja, maana mkunjo unachubua ngozi ya mzee. Alieleza kwa mikono yote miwili. Elimu ya saa mbili nzima, na kwenye daftari hakuna hata neno "mkanda"! Mkaguzi akija, ataamini nini? Na msimamizi wake ndiye aliyemwambia, "Andika sita, inatosha." Nilikasirika, na hadi leo nakasirika.

Kuna atakayesema: si kunyanyua wazee ndiyo kazi yake? Ndiyo. Lakini siku anapofundishwa asichokijua, saa hiyo inahesabiwa hata kama yupo palepale kazini. Hili neno "nje ya kazi" limepotosha wengi. Maana yake ni nje ya majukumu ya kila siku, jengo halihusiki. Akishajua, akanyanyua wazee zamu nzima, hiyo ni kazi. Usiihesabu.

Sasa hesabu. Aliyeanza kati ya Agosti 2022 na Julai 2025, akiwa na saa 30 au zaidi za kazi kwa wiki: chukua wiki 52, toa likizo ya kisheria wiki 5.6, zinabaki 46.4. Zidisha kwa 6, yaani saa za mafunzo kwa wiki. Kwa mwaka ni angalau saa 278.4. Sita ni wastani; wiki moja anaweza kupata kumi, nyingine mbili, ndiyo maana "sita, sita, sita" inatia shaka. Walioanza Agosti 2025 na kuendelea wana kiwango cha chini kilichotangazwa kwa kila fani, basi tazameni kwanza tarehe ya kuanza. Wenye saa chini ya 30 tuonane baadaye, hesabu yao ni nyingine.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka: Kiingereza na hisabati za msingi hazihesabiwi kwenye saa hizi. Na kijana akifundishwa jioni baada ya zamu, arudishiwe muda wake au alipwe.

Yule binti alinipa ruhusa nije na ukurasa wake mmoja wa baadaye. "Jumanne, saa nane hadi saa kumi mchana. Mkanda wa mapaja, marudio. Nimejua kukagua mshono kabla ya kunyanyua." Pitisheni, hadi kwa wale walioketi nyuma.