Msinunue baiskeli ya mwakani

Assalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu, na wadogo zangu hamjambo.

Naishukuru kamati ya wazazi kwa kunipa jioni hii. Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, na katika mji huu baiskeli ndiyo miguu yetu. Tanga ni tambarare. Kutoka Makorora mpaka Raskazone mtu anakanyaga bila kutweta. Watoto wetu wanaililia kabla hawajajua kufunga viatu.

Kosa ninaloliona sana kibandani kwangu ni mzazi kununua baiskeli ya mwakani. "Mpe hiyo kubwa fundi, atakua nayo." Sare ya shule sawa, utaikunja upindo. Baiskeli haina upindo. Niliwahi kumkubalia mzee mmoja nikamuuzia ya inchi 20 kwa mtoto wa miaka mitano. Siti niliishusha mpaka mwisho, bado ncha za vidole zilikuwa zinatafuta ardhi. Wiki ileile mtoto alianguka akavunjika mkono. Mzee hakunilaumu. Mimi najilaumu mpaka leo, kwa sababu nilijua.

Najua mtaniambia sisi tulijifunzia baiskeli kubwa za Phoenix za baba zetu, mguu umepenyezwa chini ya bomba la fremu, mwili umepinda kama ndoana. Kweli. Na wapo tuliokuwa nao ambao waliumia, tukawasahau.

Kwa hiyo pimeni mguu. Mtoto asimame bila viatu, mgongo ukutani, mbanie daftari katikati ya mapaja, juu kabisa, kisha pima kutoka sakafuni mpaka juu ya daftari. Siti ikishushwa isizidi urefu huo. Kwa anayeanza, ipungue kidogo, nyayo zote zilale chini. Zile inchi 12, 14 au 16 ni ukubwa wa gurudumu, na umri unaoandikwa kwenye boksi ni makadirio tu. Wa miaka mitatu mara nyingi atakaa kwenye 12, wa mitano kwenye 14 au 16, lakini mguu ndio unaosema. Halafu inyanyue kwa mkono. Mtoto wa kilo 16 ukimpa chuma cha kilo 10, umemwambia aendeshe zaidi ya nusu ya mwili wake. Breki nayo aikamate mwenyewe akiwa amekaa. Vidole visipoifikia, baiskeli hiyo haina breki. Na tafuteni yenye kava la mnyororo, maana kanzu za madrasa zinaliwa sana na cheni.

Vile vigurudumu vya pembeni sivipendi, nasema wazi. Baiskeli yenye vigurudumu hivyo hailali kwenye kona, kwa hiyo mtoto anajifunza kukanyaga, na kukanyaga ndiko rahisi. Kugumu ni kujisawazisha. Mjerumani Karl Drais alipotoa chombo chake cha magurudumu mawili mwaka 1817 hakikuwa na pedeli. Watu wazima walisukuma ardhi kwa miguu. Mfanyie mwanao hivyohivyo. Fungua pedeli zote mbili, kwa kawaida spana namba 15 inatosha. Angalieni ya kushoto: inafunguka kinyume, ukiizungusha kama unayekaza. Wengi wameiharibu kwa kulazimisha. Shusha siti, mwache asukume uani. Siku atakayoinua miguu yote akateleza huku unahesabu mpaka kumi, rudisha pedeli. Hutamshika siti ukimbie naye jua kali.

Sasa helmeti. Ile ya bodaboda msimvalishe; ni nzito, shingo ya mtoto haiiwezi. Ya baiskeli ndani ina povu gumu jeupe, kama la maboksi ya samaki pale sokoni Deep Sea. Mmeona boksi lile likidondoka linavyobonyea lisirudi? Ndiyo kazi yake: povu libonyee, pigo lipungue kabla ya kufika kichwani. Kwa hiyo helmeti iliyokwishapigwa chini kwa nguvu haifai tena, hata kama nje inang'aa, na ya mtumba hujui imepita wapi. Ndani tafuteni kibandiko cha EN 1078, kipimo cha Ulaya, au CPSC, cha Marekani.

Ikae mlalo, vidole viwili juu ya nyusi. Naona watoto wameisukuma kisogoni kama kofia ya sikukuu, paji lote liko wazi. Kamba zikutane chini ya sikio, na kidevuni kipite kidole kimoja. Mabinti, ushungi mwepesi uliolala vizuri hauna neno, ila fundo la nywele kisogoni linaiinua, msuke nywele zilale. Akishuka kwenye baiskeli aivue kabla ya kupanda mwembe au bembea. Kamba inaweza kunasa ikamning'iniza shingo.

Nimekuja na futi ya fundi cherehani. Kichwa tunakizungushia hapa, juu ya nyusi, tunapata sentimita zako ukaenda nazo dukani. Mama, mlete huyo mdogo tuanze naye.