Kitobo Chini ya Bawa

Mhadhara kwa wafugaji wa ndege, Moshi

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi. Asanteni kwa kufika, hasa nyie mliokuja na watoto, maana nyumbani wao ndio wanaofungua tundu la ndege na kusahau kulifunga.

Nianze na boksi la viatu. Mama mmoja wa Rau aliniletea ndani yake kasuku mdogo, wale wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa. Akaniambia, "Daktari, Mungu mkubwa, paka alimkamata jana jioni lakini tulimwahi. Hana hata tone la damu." Ndege alikuwa amejivimbisha manyoya, macho nusu yamefumba. Nikapuliza manyoya ya ubavuni taratibu, nikakiona: kitobo kama cha sindano, chini ya bawa, na ngozi ya pembeni imeanza kuwa ya zambarau. Nikampa dawa, nikamweka penye joto. Hakufika jioni.

Yule mama hakuwa mzembe. Alimpenda ndege wake na alikesha naye. Alichokosa ni mtu wa kumwambia mapema kwamba jioni ile ile ndiyo ilikuwa ya kutafuta dawa. Kwa hiyo nawaambia nyie.

Paka mwenye afya njema kabisa ana vimelea mdomoni. Wanaojulikana zaidi ni bakteria waitwao Pasteurella multocida. Yeye mwenyewe kwa kawaida hawamsumbui. Lakini jino lake ni jembamba na refu, linawasukuma ndani ya nyama, kisha ngozi inajifunga juu yao. Ndiyo maana hamwoni damu. Kucha nazo hazina usalama, kwa sababu paka anajilamba miguu kutwa nzima, mate yamo. Vimelea vikishaingia kwenye damu ya ndege, anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu.

Na mfikirie udogo wake. Kasuku yule ana uzito wa gramu 50 hivi. Damu yake yote ni kama mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Akipoteza matone kumi tu, mimi naanza kuogopa. Tena ndani ya mwili wa ndege kuna vifuko vya hewa vinavyoungana na mapafu, jino likivifikia mambo yanaharibika haraka. Juu ya yote hayo, ndege huficha ugonjwa. Porini, anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa kwanza, kwa hiyo hata ndani ya tundu atajikaza, atasimama kwenye kijiti, nawe utasema amepona.

Basi paka akimgusa ndege, hata kama humwoni jeraha, mpelekee mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo. Anahitaji antibayotiki iliyopimwa kwa uzito wake. Naomba sana, msivunje kidonge cha binadamu mkakadiria kwa macho, wengine tumewapoteza kwa dawa badala ya paka. Njiani mweke kwenye boksi lenye matundu ya hewa, kitambaa chini, giza na joto. Usimlazimishe kunywa maji, yanaweza kumwingia kwenye njia ya hewa.

Najua wapo wanaosema, paka wangu kakua na njiwa hawa, wanalala pamoja. Nawaamini. Paka aliyezoeshwa ndege akiwa na wiki chache tu anaweza kuwavumilia miaka. Ila hiyo ni tabia aliyofundishwa, na chini yake kuna ile aliyozaliwa nayo. Paka wetu wa nyumbani anatokana na paka pori wa jamii ambayo hadi leo inaishi katika mbuga zetu hapa Tanzania. Njaa na kuwinda kwake ni vitu viwili. Anaweza kutoka kwenye sahani ya dagaa, tumbo limejaa, akaruka. Kinachomwamsha ni mpapatiko. Siku njiwa atakaposhtuka na kupiga mabawa karibu na uso wake, ile miaka ya kulala pamoja haitamzuia.

Sasa, sitawaambia mfukuze paka. Hapa kwetu paka hafugwi kwa urembo, anafugwa kwa sababu ya panya. Na panya wanakuja kwa nini? Wanafuata mtama na ulezi unaomwagika chini ya tundu la ndege! Hili nimelikuta nyumba nyingi, Pasua, Majengo, hadi Kiborloni: ndege analeta panya, panya analeta paka, paka anamla ndege. Kata mnyororo pale mwanzo. Chakula cha ndege kiwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Fagieni chini ya tundu kila jioni kabla ya giza. Paka alale stoo au jikoni, mlango umefungwa.

Tundu lenyewe lisikae sakafuni wala juu ya kabati. Lining'inie darini, mbali na dirisha na chochote paka anachoweza kupanda. Wavu wa kuku wa kawaida una matundu makubwa, mguu wa paka unapita. Tafuteni wavu wa matundu madogo, kama ule wa vichanja vya kuanikia kahawa. Kwenye banda la njiwa la nje ningeweka nyavu mbili, ziachane shubiri moja. Na hata kama paka hamfikii ndege, msimwache akae chini ya tundu akimkodolea macho. Ndege anayetazamwa hivyo kutwa huacha kula, hujinyonyoa manyoya, hutelekeza mayai.

Madhara yapo upande wa paka pia, niyataje kwa kifupi. Anaweza kupata salmonela kwa kula ndege mgonjwa. Thailand, mwaka 2004, paka walikufa kwa mafua ya ndege, virusi vya H5N1. Kwa hiyo kuku au njiwa aliyekufa ghafla asitupiwe paka. Azikwe, na afisa mifugo aarifiwe.

Kijana pale nyuma ameuliza kuhusu kumkata paka kucha. Kupunguza ncha si vibaya, ila meno yanabaki na mate yanabaki. Kung'oa kucha ni ukatili, mimi sifanyi.

Nimekuja na njiwa wangu wawili, wapole. Sogeeni mezani, watoto mbele. Mshikeni hivi, mabawa yakibana mwilini, msibane kifua maana ndege hupumua kwa kukitanua. Sasa puliza hapa, chini ya bawa, polepole, hadi uone ngozi.