Dhahabu ya Mtu Aliyezimia: Kuzisoma Medali za Karate za Tokyo

Walimu, waamuzi, wanafunzi, na wazazi mliowasindikiza vijana wenu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie washindi wa medali za karate katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Ningeweza kuwasomea orodha, dakika tano zikatosha, kila mtu akashika njia yake. Tatizo ni kwamba orodha hiyo haimwambii kitu mtu asiyejua medali ilitolewa kwa sababu gani. Kwa hiyo naanza na mstari mmoja tu: uzito wa zaidi ya kilo 75 wanaume, dhahabu Sajad Ganjzadeh wa Iran, fedha Tareg Hamedi wa Saudi Arabia.

Tarehe 7 Agosti 2021, ukumbi wa Nippon Budokan. Hamedi ana miaka 23 na anaongoza 4 kwa 1. Nchi yake haijawahi kupata dhahabu ya Olimpiki tangu ianze kushiriki. Ganjzadeh anasogea mbele kutafuta pointi, Hamedi anazungusha teke la juu, teke linafika. Ganjzadeh anaanguka chali na hainuki. Madaktari wanaingia, anawekewa oksijeni, anatolewa kwa machela. Kwenye ndondi hapo mkono wa Hamedi ungeinuliwa na bendera ikapanda. Hapa waamuzi walikaa pamoja, wakashauriana, wakatoa hansoku: Hamedi ameondolewa kwa kumgusa mwenzake kwa nguvu iliyopita kiasi. Ganjzadeh alizinduka akiwa chumba cha kubadilishia nguo, ndipo akaambiwa kwamba yeye ndiye bingwa wa Olimpiki.

Najua humu ndani tumegawanyika. Kuna wanaosema Hamedi alidhulumiwa, kwamba Ganjzadeh ndiye aliyejiingiza kwenye teke. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kanuni za Shirikisho la Karate Duniani zina adhabu kwa mchezaji anayeshambulia bila kujali usalama wake mwenyewe, tunaiita mubobi. Kwa hiyo waamuzi walikuwa na mlango wa pili wa kupitia. Mimi naona walipita mlango sahihi. Teke la kichwani ni ippon, pointi tatu, malipo makubwa kuliko yote, na linalipwa hivyo kwa sharti kwamba anayelirusha analimiliki mpaka mwisho: linafika, linagusa, linarudi. Anayeshindwa kulirudisha hajatimiza sharti, hata kama hakukusudia kuumiza. Ukiondoa sharti hilo, hakuna sababu ya kumlipa mtu tatu kwa teke na moja kwa ngumi, maana kitakachobaki ni nani ana mguu mzito.

Jambo jingine ambalo watangazaji wengi hawakuligusa. Kanuni inasema mchezaji akianguka na asiweze kusimama ndani ya sekunde 10, anaondolewa kwenye mapambano yote ya kumite, yaani ya kupigana ana kwa ana, yaliyobaki katika mashindano hayo. Sasa hebu fikirini, teke lile lingepigwa kwenye nusu fainali. Ganjzadeh angeshinda pambano na asiruhusiwe kucheza fainali. Alinusurika na hilo kwa sababu baada ya fainali hapakuwa na pambano jingine. Hamedi alilia pale pale kwenye tatami, mkeka wa pambano, na baadaye jukwaani wakakumbatiana. Medali yake ya fedha ndiyo pekee iliyoingia Saudi Arabia katika michezo ile yote.

Nimeshataja pointi, basi nimalizie kwa wazazi: ngumi inayofika safi ni yuko, pointi moja, teke la mwilini ni waza-ari, mbili, teke la kichwani, au shambulio safi kwa mtu aliyekwisha kuangushwa, ni ippon, tatu. Dakika tatu za pambano. Na anayetangulia kupata pointi bila mwenzake kupata papo hapo anapewa senshu, kwamba mkilingana mwisho yeye ndiye mshindi.

Senshu ndiyo inayoeleza fainali ya kilo 75, ambayo wengi walilalamika ilikuwa baridi. Luigi Busà wa Italia dhidi ya Rafael Aghayev wa Azerbaijan, bingwa wa dunia mara tano, miaka 36, watu waliokuwa wakijuana kwa miaka mingi. Matokeo: 1 kwa 0. Ngumi moja! Lakini itazameni tena mkiwa na senshu kichwani. Busà alipopata ile pointi alipata vitu viwili kwa mpigo, kwa sababu Aghayev hata akisawazisha bado atakuwa ameshindwa. Analazimika kufuata pointi mbili mbele ya mtu anayesubiri afuate. Muda uliobaki wote ulikuwa ni Aghayev kutafuta njia na Busà kuziba. Kwangu mimi hiyo ni fainali nzuri kuliko nyingi zenye matokeo ya 7 kwa 5, ila sitagombana na anayependa mateke.

Kwenye kata, ambako mchezaji anaonyesha peke yake mfululizo wa mbinu mbele ya waamuzi, nako kulikuwa na vita, na hakuna aliyemgusa mwenzake. Fainali ya wanawake: Sandra Sánchez wa Hispania, miaka 39, dhidi ya Kiyou Shimizu wa Japani, tena nyumbani kwa Shimizu. Sánchez 28.06, Shimizu 27.88. Tofauti ni 0.18. Waamuzi walikuwa saba, kila mmoja alitoa alama kwa hatua za 0.2, zikaondolewa mbili za juu kabisa na mbili za chini kabisa, zikabaki tatu. Wakati huo ufundi ulikuwa na uzito wa asilimia 70, nguvu na wepesi wa mwili asilimia 30. Pigeni hesabu: mwamuzi mmoja akipandisha hatua moja tu upande wa ufundi, anaongeza 0.14. Kwa hiyo dhahabu na fedha zilitenganishwa na kitu kinachokaribia nukta ya jicho la mtu mmoja. Msimamo uliotulia sekunde kidogo zaidi, kisigino ambacho hakikuinuka. Vijana mnaosema kata ni ya wasiotaka kupigwa, mmesikia.

Kwa wanaume hapakuwa na ubishi. Ryo Kiyuna alipata 28.72 dhidi ya 27.66 za Damián Quintero wa Hispania. Kiyuna ni mtu wa Okinawa, kisiwa ambako karate ilizaliwa, na alipanda jukwaani na picha ya marehemu mama yake.

Hiyo ndiyo dhahabu pekee ya karate iliyobaki Japani. Dhahabu zilikuwa nane na zilikwenda nchi nane. Nyingine ni Hispania, Italia na Iran nilizokwisha kuzitaja, Ufaransa kwa Steven Da Costa kwenye kilo 67, Bulgaria kwa Ivet Goranova, kilo 55, Serbia kwa Jovana Preković, kilo 61, na Misri. Uturuki walibeba medali nne bila dhahabu hata moja. Shaba zilikuwa mbili kila daraja, na kwenye kumite ya Tokyo walioshindwa nusu fainali wote wawili walipewa. Kwenye mashindano ya dunia ya wakati huo mambo yalikuwa mengine: waliofungwa na wale waliofika fainali ndio waliorudishwa kuigombea, kwa hiyo uliweza kupoteza pambano la kwanza kabisa na bado ukarudi na medali.

Misri nitasimama kidogo. Feryal Abdelaziz, miaka 22, alimfunga Irina Zaretska wa Azerbaijan 2 kwa 0 kwenye uzito wa zaidi ya kilo 61, akawa mwanamke wa kwanza wa Misri kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Nchi hiyo haikuwa imepata dhahabu yoyote tangu 2004. Mwenzake Giana Lotfy alichukua shaba. Medali zote za karate zilizokuja Afrika kutoka Tokyo ni hizo mbili, na zote za wanawake.

Mtaniuliza kuhusu Olimpiki zilizofuata. Paris 2024 haikuwa na karate, na hilo lilitangazwa Februari 2019, maana yake Da Costa aliingia Budokan akijua kwamba hatapata nafasi ya kuitetea dhahabu yake mbele ya Wafaransa wenzake. Los Angeles 2028 pia hatumo. Kilichobaki ni mashindano ya dunia, ambayo yalianza Tokyo mwaka 1970, na mabingwa hawayachukulii kama kitu cha pili. Novemba 2021, miezi mitatu tu baada ya Olimpiki, yalifanyika Dubai. Da Costa alikwenda, Kiyuna alikwenda, Sánchez alikwenda, na wote watatu walitwaa dhahabu tena.