Alois Hába na Sauti Zilizo Kati ya Vibonyezo vya Piano

ZUHURA: Msikilizaji, karibu. Leo mimi na ndugu yangu Maulidi tunamzungumzia Alois Hába, mtunzi wa Kicheki aliyezaliwa mwaka 1893 katika mji mdogo wa Vizovice, huko Moravia, eneo la mashariki mwa Ucheki ya leo, na kufariki Prague mwaka 1973. Yeye ndiye aliyeutumia umri wake mwingi kutunga kwa robo toni, yaani kwa zile sauti zinazopatikana kati ya kibonyezo kimoja cha piano na kinachofuata.

MAULIDI: Wengi wakisikia hivyo hudhani kwamba alikuwa mtu wa kujifungia chumbani na kupiga hesabu za sauti. Ukiufuatilia utoto wake, dada Zuhura, unakuta mambo mengine kabisa. Baba yake alikuwa na bendi ya muziki wa kienyeji, na Alois akapiga humo pamoja na ndugu zake tangu wakiwa wadogo. Isitoshe, alijaliwa sikio la kuitambua sauti yoyote na kuitaja bila kusaidiwa na ala. Kwa sikio hilo alibaini kwamba waimbaji wa vijijini kwao walikuwa wakiipandisha sauti kidogo hapa na kuishusha kidogo pale, mahali ambapo piano haina kibonyezo, wala hapakuwa na mtu aliyewaona kuwa wamekosea.

ZUHURA: Elimu ya darasani haikumkosa. Alisoma Prague kwa Vítězslav Novák, kisha Vienna kwa Franz Schreker, na mwalimu huyo alipohamia Berlin mwaka 1920, Hába akamfuata. Mwaka huohuo alikuwa amekwisha kutunga kwarteti yake ya pili ya ala za nyuzi, yaani muziki wa wapigaji wanne, na hiyo ndiyo ya kwanza aliyoiandika kwa robo toni.

MAULIDI: Fidla haina vibonyezo, kwa hiyo mpigaji husogeza kidole tu akaipata sauti anayoitaka. Taabu ilikuwa kwenye piano. Hába alishirikiana na kiwanda cha August Förster, na mwaka 1924 ikapatikana piano ya robo toni, yenye safu tatu za vibonyezo zilizopangwa moja juu ya nyingine, na oktava, yaani umbali kutoka sauti moja hadi ile yenye jina lilelile juu yake, iliyogawanywa sehemu 24 badala ya 12. Hebu fikiria kazi ya mpigaji, ambaye vidole vyake vimezoea safu moja tangu utotoni, na sasa anatakiwa kupanda na kushuka safu hizo katikati ya wimbo bila kuchelewesha mapigo. Hába hakuishia hapo, bali alitengenezesha pia klarineti na tarumbeta za robo toni, na baadaye kinanda cha upepo ambacho oktava yake ina sehemu 36.

ZUHURA: Mimi humstahi zaidi kwa kuelewa kwamba ala bila wapigaji ni mapambo. Ndiyo maana alifungua darasa la muziki wa aina hiyo katika Konsavatori ya Prague, yaani chuo cha muziki, akafundisha wanafunzi kutoka nchi mbalimbali. Mmoja wao alikuwa Viktor Ullmann, ambaye tayari alikuwa mtunzi alipokwenda kujifunza kwake katika miaka ya 1930, na ambaye Wanazi walimuua katika kambi ya Auschwitz mwaka 1944.

MAULIDI: Mwaka 1932 Hába alikwenda Cairo kwenye Kongamano la Muziki wa Kiarabu, alikokuwapo pia mtunzi wa Hungaria, Béla Bartók. Wasikilizaji wetu wa pwani, waliokulia kwenye udi na ala ya nyuzi iitwayo kanuni katika taarabu, hawatashangaa kusikia kwamba hapo robo toni haikuwa kioja. Kilichobishaniwa kilikuwa kama ngazi ya sauti ya Kiarabu inaweza kugawanywa katika sehemu 24 zilizo sawa, na kama piano inafaa kuingizwa katika muziki huo.

ZUHURA: Tuje kwenye opera yake, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, Matka, maana yake Mama, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Munich mwezi Mei 1931, chini ya uongozi wa Hermann Scherchen. Kisa chenyewe ni cha mkulima wa Moravia aliyefiwa na mke, akaoa wa pili, naye mama huyo akalea watoto aliowakuta na wale aliowazaa mwenyewe. Inaanza kwa maombolezo, na hapo robo toni zinajieleza zenyewe, kwa sababu mtu anayelia hakiingizi kilio chake katika vibonyezo 12.

MAULIDI: Nakubali, ila kwa maoni yangu jambo gumu zaidi kwa msikilizaji wa Matka ni kwamba Hába aliacha desturi ya kuurudia wimbo uliokwisha kusikika. Muziki unasonga mbele tu, na mtu aliyezoea kungoja kiitikio atapotea njia upesi.

ZUHURA: Basi huenda hilo ndilo lililomfukuzia hadhira, kuliko robo toni zenyewe.

MAULIDI: Hadhira ni sehemu tu ya habari. Wanazi waliupiga marufuku muziki wake, kisha wakomunisti, walioshika serikali mwaka 1948, wakautazama kwa jicho baya, na darasa lake likafungwa mapema katika miaka ya 1950. Bila darasa, wapigaji wapya wangetoka wapi? Hata hivyo aliendelea kutunga, na kwarteti yake ya 16, ya mwaka 1967, ameigawa toni, yaani hatua ya vibonyezo viwili vya piano, katika sehemu tano.

ZUHURA: Kwa anayetaka kuanza kumsikiliza, mimi ningempeleka kwenye sehemu ya mwanzo ya Matka, ile ya maombolezo.

MAULIDI: Nami ningempeleka kwenye kwarteti hizo, ambazo wapigaji wanne wenye ala za kawaida wanaweza kuzipiga popote pale.